Dada Anayerudi Kwake Jioni, Tumpe Nini Sikukuu Hii?

Wadogo zangu, Desemba imeingia na swali lenu ni lile lile: dada anayekuja kukaa na mtoto siku mbili tatu kwa wiki, kisha jioni anarudi kwake, tumpe nini Krismasi na Mwaka Mpya? Kwa dada anayelala nyumbani hamna shida sana. Mnamkatia tiketi ya kwenda kwao, mnamfungashia kitenge na sukari ya mama yake, mnamtakia safari njema. Huyu wa kuja na kuondoka ndiye anayewasumbua. Mmoja anaogopa kumpa kidogo akaonekana mchoyo. Mwingine anaogopa kumpa kikubwa, mwakani akashindwa kurudia. Na yupo anayejiambia kwamba kwa kuwa ni kibarua cha siku chache, asante inatosha.

Asante peke yake haitoshi. Mtu uliyemwachia mtoto, ukafunga mlango na kwenda kazini moyo umetulia, amekufanyia jambo ambalo malipo ya siku hayalimalizi. Lakini pia sitaki mkimbilie Kariakoo mkanunue cha kwanza kinachong'aa. Tuanze na maisha yake, maana zawadi hiyo itakwenda kukaa kwake.

MJUE KWANZA

Dada anayelala kwako anakula kwako na anatumia maji na umeme wako. Anayerudi kwake anabeba yote hayo mwenyewe. Ana chumba cha kupanga, pengine Mbagala, Buza au Manzese, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ana nauli ya daladala kila siku ya kazi, kwenda na kurudi. Wengi wao ni mama pia, na saa ile anapomlisha wa kwako uji, wa kwake yuko kwa bibi au kwa jirani. Siku ambazo haji kwako yuko nyumba nyingine, au anafua nguo za watu, au ana meza ya maandazi mbele ya nyumba anayopanga.

Hata serikali iliiona tofauti hii. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023, ukiacha wafanyakazi wa nyumbani wa mabalozi, wafanyabiashara wakubwa na maofisa wenye stahili, ilimwekea anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala kwa mwajiri shilingi 120,000. Mara mbili. Hiyo ya pili ilipaswa kulipa kitanda, chungu na nauli ambavyo mwenzake anavipata kwa mwajiri. Kwa hiyo unapofikiria zawadi, fikiria mtu mwenye nyumba yake ya kuiendesha, hata kama nyumba hiyo ni chumba kimoja.

Na kumjua hakuhitaji upelelezi. Mnakunywa chai pamoja asubuhi? Muulize. "Sikukuu mnafanyia wapi mwaka huu?" Swali hilo moja litakuambia kama anasafiri au anabaki mjini, kama ana wageni, kama mtoto wake anaanza darasa la kwanza Januari, kama mama yake anaumwa kijijini. Anayeuliza mapema wiki hii hatabahatisha wiki ya Krismasi.

ZAWADI YA KWANZA NI SIKU ZAKE

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hili ndilo ninalotaka mlichukue hata kama mengine yote mtayasahau.

Mwisho wa mwaka wengi wenu mnasafiri. Mnafunga nyumba tarehe 20, mnakwenda Moshi, Bukoba, Mbeya au Tanga, mnarudi Januari shule zikikaribia kufunguliwa. Kwa dada anayelipwa kwa siku, wiki mbili hizo hazina hata senti. Na kwa kuwa nyumba yake ya pili nayo imesafiri, huko nako hakuna kitu. Anaingia Januari mikono mitupu, na Januari ndiyo yenye sare za shule, madaftari, michango na, kwa bahati mbaya ya wengi, zamu ya kodi. Elimu ya msingi na sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada kwenye shule za serikali tangu Januari 2016, lakini viatu, begi na sare mzazi anavinunua mwenyewe.

Ukimpa doti ya khanga yenye thamani ya siku mbili za kazi, kisha ukamkosesha malipo ya siku sita, umempunguzia. Atashukuru, atatabasamu, na atakwenda kukopa. Kwa hiyo kabla ya kuwaza zawadi yoyote, hesabu siku ambazo angekuja kama msingesafiri, umlipe. Siku zote ukiweza, nusu yake ukishindwa. Mwambie waziwazi: "Tunasafiri tarehe 20 tunarudi tarehe 5. Siku zako hizi sita nazilipa, pumzika na watoto wako." Hakuna kitu dukani kinachoshinda sentensi hiyo.

Wala usione unafanya jambo la ajabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku 28 katika mwaka. Wewe ofisini kwako unaipata, na ndiyo inayokupeleka Moshi. Mtu anayekuja kwako kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mwaka mzima anastahili naye apumzike bila kuogopa njaa.

MALIPO NI MALIPO, ZAWADI NI ZAWADI

Jambo linaloharibu zawadi nyingi ni deni lililofichwa ndani yake. Unadaiwa siku nne za Novemba, unampa 40,000 kwenye bahasha nzuri, unasema "Krismasi njema". Yeye anahesabu kimoyomoyo na anaona umempa haki yake tu, tena imechelewa. Lipa madeni yote kwanza, siku yake, kwa jina lake: "Hizi ni siku nne za mwezi uliopita." Zawadi itoke siku nyingine au kwenye bahasha nyingine.

Vivyo hivyo kwa kazi ya sikukuu. Kama unamwita tarehe 25 au 26 kwa sababu wageni ni wengi na watoto wanahitaji mtu wa kuwatazama, jua kwamba sheria hiyo hiyo ya ajira inataka anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili. Sahani ya pilau ya kubeba ni ukarimu mwema, lakini haiwezi kusimama mahali pa malipo hayo. Na akikataa kuja kwa sababu naye ana familia yake, mwache afurahi na wanawe.

Tena msimpe zawadi kama kamba ya kumfungia. "Nimekupa mtungi wa gesi, kwa hiyo Januari utaongeza na Jumamosi." Ukisema hivyo umenunua Jumamosi zake kwa bei ya chini. Kama unataka siku ya ziada, mkae mwezi Januari mzungumze malipo.

KIASI GANI?

Hakuna sheria ya zawadi, lakini naona hesabu hii inawasaidia wengi: tumia malipo yake ya wiki kama kipimo. Tuseme unamlipa 10,000 kwa siku, naye anakuja siku tatu kwa wiki. Wiki yake ni 30,000, na wiki nne ni 120,000.

Kama amekuwa nawe miezi miwili mitatu, malipo ya wiki moja ni zawadi nzuri: 30,000. Kama amefikisha nusu mwaka au zaidi, wiki mbili: 60,000. Kama amemaliza mwaka mzima au miaka, na mtoto akimsikia getini anaacha kila kitu na kukimbia, jitahidi umfikishie wiki nne, yaani malipo yake ya mwezi. Ofisi nyingi zinazotoa bonasi ya mwisho wa mwaka hutumia mshahara wa mwezi kama kipimo, na sioni kwa nini sebuleni tuwe na kipimo kingine.

Kama ni yule wa kuitwa mara moja moja, jioni mkiwa na harusi au Jumamosi mkiwa na kikao cha ukoo, malipo ya mwito mmoja yanatosha kabisa.

Na kwa wale wanaoogopa kwamba ukitoa sana mwaka huu utafungwa mwaka ujao: mwambie ukweli. "Mwaka huu mambo yalikwenda vizuri, nimeona nawe ufurahi." Watu wazima wanaelewa kwamba miaka haifanani.

FEDHA AU KITU?

Kwa dada mwenye nyumba yake, fedha zinafaa kuliko kitu mara nyingi. Yeye ndiye anayejua kama mwezi huu kinachomkaba ni kodi, dawa au viatu vya mtoto. Najua wapo wanaosema fedha hazina moyo. Moyo unaonekana kwenye namna ya kutoa, na hilo tutalifikia.

Mkononi au kwa simu? Muulize anavyopenda. Mwingine anataka zikae kwenye simu kwa sababu nyumbani zikionekana zinagawanywa kabla ya jua kuzama. Mwingine anataka taslimu kwa sababu simu ni ya mume. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea. Kumtumia mtu 60,000 halafu akakatwa kwa wakala ili aishike ni kumpa pungufu ya ulichosema. Na usitume kimyakimya saa tano usiku kama unalipa bili ya king'amuzi. Mpigie au mwambie ana kwa ana kabla ujumbe wa muamala haujaingia.

Wakati nao ni sehemu ya zawadi. Ukitoa tarehe 24 jioni, masoko yamepanda bei, mafundi wamefunga, na tiketi za kwenda kaskazini zimekwisha. Mtu anayesafiri kupitia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis anahitaji fedha mapema, akate tiketi kwa nauli halali kabla walanguzi hawajaanza kazi yao. Mpe kati ya tarehe 10 na 15. Fedha ile ile inanunua vitu vingi zaidi tarehe 12 kuliko tarehe 24.

VITU VINAVYOFAA

Wapo wanaopenda kuongeza kitu cha kushika mkononi, na mimi ninawaunga mkono. Fedha zinakwisha, na mtu hupenda kuwa na kitu cha kukumbuka. Haya hapa yanayopokelewa vizuri.

Kitenge. Lakini kitenge bila fundi ni kitambaa cha kuwekwa kabatini. Desemba mafundi cherehani wanaelemewa na wengine huacha kupokea kazi kabla ya tarehe 15. Kwa hiyo mpe kitenge mapema, pamoja na fedha ya mshono, achague mwenyewe mtindo anaoupenda. Kama unajua anavaa gauni pana, usimpe vipande viwili vya yadi ukadhani vitatosha. Muulize muuzaji, naye atakukatia kinachotosha.

Doti ya khanga. Ni zawadi ya heshima, inafunika, inabebea mtoto, inakwenda msibani na harusini. Hapa nawaomba jambo moja: soma jina lake kabla ya kulipa. Khanga zina maneno, na mengine ni mafumbo makali ya wivu, umbea au majivuno. Ukimpa dada yako wa kazi khanga yenye kumsema, hatakuuliza ulimaanisha nini, ila hataisahau. Chagua ya dua, ya shukrani au ya upendo wa mama.

Kapu la sikukuu. Mchele kilo tano, mafuta ya kupikia, sukari, unga wa ngano, viungo vya pilau, nazi mbili tatu, na kama uwezo upo, fedha ya kuku au ya nyama kilo mbili. Kapu hili linamfanya naye awe mwenyeji nyumbani kwake siku hiyo, aite jirani, apakulie watoto. Mtu anayetumia mwaka mzima kwenye jiko la mwingine hufurahi kupika kwake bila kuhesabu vijiko vya mafuta. Kumbuka tu kwamba ana daladala la kupanda. Kapu la kilo kumi na tano na kugombania Mbagala saa kumi na mbili jioni haviendi pamoja. Mlipie bajaji au bodaboda siku hiyo, au mpelekee.

Vitu vya shule vya mtoto wake. Hii ninaipenda sana, kwa sababu inasema: tunajua nawe ni mama. Begi, madaftari, jozi ya viatu vyeusi, kitambaa cha sare. Uliza namba ya kiatu na rangi ya sare ya shule yao. Mnunulie mtoto vitu vipya, vilivyo kwenye maboksi yake, kama unavyomnunulia wako.

Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 wenye jiko la juu. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na kwa mama anayerudi kwake jioni amechoka, kuwasha jiko kwa dakika moja ni nafuu kubwa. Ila ukimpa mtungi mfikirie na wa kuujaza. Mpe na fedha ya kujaza mara ya kwanza, na umuulize kwanza kama anapopanga kuna mahali salama penye hewa pa kuutumia.

VITU VYA KUACHA DUKANI

Acheni zawadi zinazorudi kufanya kazi kwenu. Aproni, ndoo, glavu za kuoshea vyombo, kandambili za bafuni kwako: hivyo ni vitendea kazi, na ni wajibu wako kuvinunua Februari au Agosti, wakati wowote vikihitajika.

Acheni nguo kuukuu kuziita zawadi ya sikukuu. Kumpa mtu nguo zako nzuri ulizoacha kuvaa ni jambo la kawaida kati ya watu wanaopendana, lakini lifanyike siku ya kawaida, kwa kumuuliza kama angezipenda. Sikukuu mtu anataka kitu kilichonunuliwa kwa ajili yake.

Acheni vitu vinavyomletea gharama au ugomvi. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU na wapangaji wanachangishana. Ukimpa friji dogo au pasi kubwa, kesho wenzake watamdai aongeze mchango, au mwenye nyumba atamkataza kuwasha. Muulize kuhusu umeme kabla ya kununua kitu chochote cha kuchomeka ukutani.

Acheni manukato makali, sabuni za mwili na krimu za uso kama hamjui anazotumia. Hata ukiwa na nia safi, anaweza kudhani unamwambia ananuka au ngozi yake haipendezi. Nguo za ndani zisitajwe kabisa. Na zawadi itoke kwa familia nzima, ikitolewa na mama wa nyumba au na baba na mama pamoja. Baba asitoe peke yake pembeni. Hilo linawalinda wote, na dada kuliko wote.

AKIWA JIRANI, NDUGU AU MWANAFUNZI

Wengi wenu anayekaa na mtoto hamkumwajiri hasa. Ni mama jirani anayempokea mtoto akishuka kwenye basi la shule saa tisa, anampa chakula, anakaa naye hadi mrudi saa moja usiku mkiwa mmekwama kwenye foleni ya Ubungo. Mwingine halipwi kitu, mwingine anapewa cha mboga. Huyu ukimpa bahasha kama mfanyakazi anaweza kuona umemshusha. Mpelekee kwake, siku ya Jumapili, mkiwa mmevaa vizuri na mtoto mkononi. Mpe kitu chenye heshima ya nyumba: doti ya khanga, seti ya vyombo, kapu la sikukuu lililojaa. Mkae, mnywe chai. Halafu mwezi Januari, kwa wakati wake, mzungumze kama mambo yanaweza kuwekwa kwenye mpango wa malipo, kwa maana mwaka mzima wa fadhila ni mzigo hata kwa mtu mwenye roho nzuri.

Akiwa ni mdogo wako au binti wa shangazi aliyekuja mjini kutafuta maisha, naye anakusaidia na mtoto siku ambazo hana darasa la ushonaji au kozi ya kompyuta, msiseme "huyu ni ndugu". Undugu haununui vocha. Mlipie mwezi mmoja wa kozi yake, au mnunulie mkasi mzuri wa kushonea na tepu ya kupimia. Mpe kinachomsogeza kule anakokwenda.

Na akiwa mwanafunzi wa chuo anayekuja Jumamosi, jueni kwamba likizo ndiyo inayokula nauli ya kwenda kwao. Mchangie tiketi. Siku hizi anayekwenda Morogoro au Dodoma ana treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Mwulize anasafiri lini, umpe nauli mkononi kabla ya siku hiyo.

SIKUKUU YAKE NI IPI?

Si kila dada anasherehekea Krismasi. Kama ni Muislamu, siku yake kubwa ni Idi, na hamna sababu ya kumpa zawadi yenye mti wa Krismasi juu yake kisha Idi ikapita kimya. Mna njia mbili. Mpeni zawadi ya mwisho wa mwaka kama shukrani ya kazi ya mwaka, bila kuitaja Krismasi, na Idi mumpe mkono wa Idi yeye na watoto wake. Au mjumlishe yote muyapeleke kwenye Idi el-Fitri. Tarehe yake inasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo iandikeni kwenye kalenda. Mkichagua njia ya pili, zile siku za kusafiri kwenu mlipeni Desemba hii hii, kwa sababu Januari haichagui dini.

MTOTO NAYE ATOE CHAKE

Mtoto aliyelelewa na dada huyu ana la kusema, na ni vizuri aliseme mwenyewe. Wa miaka minne anaweza kuchora. Wa miaka saba anaweza kuandika kadi: "Asante dada kwa kunifundisha kufunga kamba za viatu." Msimwandikie maneno ya watu wazima. Mwulizeni anapenda nini kwa dada, muandike hicho hicho, hata kama ni chapati zake. Kadi hiyo ndiyo atakayowaonyesha watu wa kwao.

Bahasha ya fedha atoe mkubwa, kadi atoe mtoto. Mtoto akikabidhi fedha anaweza kujifunza kwamba dada ni mtu wa kununuliwa, na mimi nataka ajifunze kwamba dada ni mtu wa kushukuriwa.

Mnapotoa, kaeni naye. Zimeni televisheni. Mkaribisheni kwenye kiti, siyo amesimama mlangoni na kipochi begani akiwahi daladala. Mtajeni kwa jina lake. Na semeni jambo moja la kweli alilolifanya mwaka huu: usiku ule mtoto alipopandisha homa akakupigia badala ya kusubiri, siku ile mvua ilipofunga barabara akabaki hadi mrudi, wiki zile alizomzoesha mtoto kula mboga. Msitangaze mbele ya wageni wala msipige picha za kuweka kwenye status. Anayepokea asigeuzwe kuwa onyesho.

MFUKO UKIWA MWEMBAMBA

Najua wapo wanaosoma hapa wakijua kwamba mwaka huu haukuwa mzuri. Biashara imelala, au mume amepunguzwa kazini. Dada analiona hilo. Anajua hata mchele ulivyopungua kwenye ndoo. Basi msimkwepe na msimdanganye. Mwambieni: "Mwaka huu tumebanwa, na tunataka ujue tumeiona kazi yako." Kisha mpeni mnachoweza.

Mpeni siku moja ya kupumzika yenye malipo. Mpeni kilo mbili za mchele na kadi ya mtoto. Na kuna kitu kisichogharimu zaidi ya karatasi, chenye faida kubwa kwa mtu anayeishi kwa vibarua: barua ya kumtambulisha. Andikeni amekuwa nanyi tangu lini, anakuja siku ngapi, amelea mtoto wa umri gani, na kwamba mnamwamini. Wekeni namba ya simu na sahihi. Akienda kuomba siku zake mbili zilizobaki kwenye nyumba nyingine, barua hiyo itamsemea. Na ninyi wenyewe, mkisikia jirani anatafuta mtu wa Jumanne na Alhamisi, mtajeni. Siku mbili za kazi za uhakika kwa mwaka mzima ni zawadi kubwa kuliko chochote mtakachokifunga kwenye karatasi ya maua.

Sasa fanyeni hivi wiki hii. Leo, andika siku ambazo hamtakuwepo na uhesabu malipo yake. Kesho, lipa deni lolote lililobaki. Asubuhi ya siku yake inayofuata, mkaribishe chai umuulize sikukuu anafanyia wapi. Kabla ya tarehe 15, umpe: kwanza siku zake, kisha fedha, kisha kitu kama kipo, na kadi ya mtoto juu yake. Januari atarudi kwenu akiwa amelipa kodi yake na mwanawe yuko darasani na sare mpya, na mtoto wenu atapokelewa na mtu mwenye utulivu.

Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri, kwenu na kwa dada zenu wanaorudi kwao jioni.

Dada yenu.